Uso Niachieni Wazi: Mazungumzo Kuhusu Mlezi na Daftari la Mzee

  

Leo naanza na machela.

Mtu wa mjini huiona machela hospitali, ina magurudumu. Sisi wa milima ya Usambara, huku Lushoto, tunaijua kwa mabega yetu. Juu ya Magamba ziko nyumba nyingi ambazo gari haliwezi kufika. Mgonjwa akizidiwa, vijana wanakata miti miwili, wanafunga blanketi, na safari ya kushuka kuelekea barabara ya Mlalo inaanza. Wanne wanabeba, wengine wanne wanafuata nyuma tayari kupokea. Kupokezana kunafanyika bila kuiweka machela chini, kwa sababu njia ni mteremko na udongo unateleza. Anayetoka humwachia anayeingia maneno machache: "Inua kidogo, mguu wake wa kushoto unauma." "Mbele hapo kuna mzizi." Yakikosekana maneno hayo, anayeumia ni yule aliyelala katikati.

Mwezi wa saba, miaka kadhaa iliyopita, tulimbeba shangazi yangu namna hiyo. Kiharusi kilimshika alfajiri. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msituni, ule ukungu wa Magamba unaolowanisha nguo kama mvua. Tulimfunika mablanketi mawili, kisha tukamtandikia khanga usoni asipigwe na baridi. Njia nzima alikuwa akitikisa kichwa na kutoa sauti. Ulimi ulikuwa umeshakuwa mzito, hatukumwelewa. Tukasema ni maumivu. Tukaongeza mwendo.

Hospitalini muuguzi alituuliza maswali ya haki kabisa. Anatumia dawa gani? Presha yake ilipimwa lini? Aliwahi kuanguka kabla ya leo? Tukabaki kutazamana. Dawa alikuwa akipewa na mkwe wake, mke wa binamu yangu, ambaye alibaki nyumbani na mtoto mchanga. Kabla ya mkwe, shangazi aliangaliwa na binti yake, ambaye alikuwa amesharudi Dar es Salaam. Kabla ya binti alikuwa na mjukuu. Kila mmoja alikuwa na kipande chake cha habari. Tuliosimama pale mlangoni hatukuwa na hata kimoja.

Siku ya pili wodini, kwenye faili lake paliandikwa: anakataa chakula. Siku ya tatu pakaandikwa vilevile. Siku ya nne mkwe akashuka na mtoto mgongoni. Alimwita shangazi akiwa kushoto kwa kitanda, asiitikie. Akazunguka kulia, akamwita tena, shangazi akageuka. Mkwe akatazama mahali sahani ilipowekwa: mezani, upande wa kushoto. Kiharusi kilikuwa kimemnyima shangazi uoni wa upande ule. Sahani hakuwa ameikataa. Hakuwa ameiona. Ilipohamishiwa kulia, alikula.

Simlaumu yule muuguzi. Alikuwa na wodi nzima mikononi mwake, na sisi tulimpelekea mtu bila habari zake. Lakini tangu siku ile nina imani moja, na ndiyo iliyonileta mbele ya kipaza sauti hiki: kuandika habari za mtu unayemtunza ni sehemu ya kumtunza, sawa na kumwogesha na kumlisha. Na maandishi hayo yanatakiwa kuanza na mtu mwenyewe, na anachotaka, kabla ya ugonjwa wake.

Tazama, msikilizaji, jinsi tulivyojipanga kwa watoto. Mama yeyote wa Magamba mwenye mtoto mchanga ana kadi ya kliniki. Humo mna uzito wa kila mwezi, chanjo zilizotolewa na zilizobaki, na mchoro unaoonyesha kama mtoto anapanda au anashuka. Mama akihamia Tanga au Arusha, kadi inakwenda naye, na muuguzi asiyemjua anaendelea pale mwenzake alipoishia. Ni kipande cha karatasi ngumu, lakini ndicho kinachowaunganisha walezi kumi wasiofahamiana.

Sasa mtazame bibi wa miaka 80. Ana daftari la shule lenye mihuri ya zahanati na miandiko ya haraka, na mara nyingi ananunua jipya kwa kuwa la zamani limepotea au limewashiwa moto jikoni. Zahanati nayo ina vitabu vyake vya MTUHA, mfumo wa taarifa za afya ambao nchi yetu imeutumia tangu miaka ya 1990. Vitabu hivyo ni muhimu sana. Kupitia hivyo taifa linajua wangapi wameugua malaria na dawa kiasi gani zipelekwe wapi. Lakini MTUHA imeundwa kuhesabu wengi. Humo bibi ni mstari mmoja: jina, umri, jinsi, ugonjwa, dawa. Kwamba hasikii sikio la kulia, kwamba hapendi kuogeshwa na mwanamume, kwamba usiku hulala taa ikiwaka kidogo tangu alipofiwa na mumewe, hayo hayana safu yake kitabuni. Na hayo ndiyo yanayoamua kama siku yake itapita vizuri au vibaya.

Ni nani atakayeyaandika, basi? Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisema wazi kwamba familia ndiyo nguzo ya kwanza ya matunzo, na makazi ya wazee ya serikali, kama yale ya Mwanzange kule Tanga mjini, ni kwa wasio na mtu kabisa. Kwa hiyo mlezi mkuu wa wazee wa nchi hii ni mkwe, ni binti, ni mjukuu, ni jirani. Hana sare, hana mshahara, hakusomea. Lakini kila asubuhi ndiye anayefungua mlango na kuona bibi ameamkaje. Mpango wa matunzo wa bibi uko kichwani mwake. Akiugua yeye, au akisafiri, mpango nao umesafiri.

Wako watakaosema mambo ya kuandikana ni ya kigeni. Nawajibu kwa upole kwamba milima hii ina desturi ndefu ya kusikiliza na kuweka kumbukumbu. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, mtu aliyeishi miongoni mwa Wakilindi, aliyaandika kwa Kiswahili masimulizi ya watawala wa Usambara, kuanzia Mbega mwindaji. Kitabu kile, Habari za Wakilindi, tunacho leo kwa sababu kuna aliyekaa chini akasikiliza, halafu akaandika. Kama habari za wafalme wale wa Vugha zilistahili kuandikwa, habari za bibi aliyezaa na kulea wanane na kulima mteremko ule miaka hamsini zinastahili pia.

Tuna kikao cha ukoo pia. Mtu akiugua sana huku kwetu, ndugu wanaitana. Wanajadili apelekwe wapi, nani atoe nauli, nani alale naye, kuku yupi auzwe. Wasomi waliotafiti tiba za Afrika waliliona jambo hili na kuliandika: kwetu mgonjwa hauguzwi na mtu mmoja, anauguzwa na kundi zima la ndugu linaloamua kwa pamoja. Hiyo ni nguvu ambayo nchi tajiri zinaitamani. Wasambaa tunalo neno kuzifya, kutengeneza jambo likakaa sawa, na mwanahistoria Steven Feierman, aliyeishi na kutafiti katika milima hii, alieleza jinsi wazee walivyozungumza juu ya kuzifya shi, kuiponya nchi. Ukoo ukikutana kwa ajili ya mgonjwa, kazi yake ni hiyohiyo ya kutengeneza.

Lakini niseme na upungufu wetu, maana nawapenda ndugu zangu na sitaki kuwapamba. Katika vikao vingi nilivyohudhuria, anayejadiliwa hayupo. Amelala chumba cha pili, anasikia sauti kupitia ukutani. Akiwepo, anaulizwa mwisho, na swali lenyewe limeshafungwa: "Bibi, tumeamua uende kwa fulani, sawa?" Atajibu nini zaidi ya sawa? Watu wenye ulemavu nchini kupitia shirikisho lao, SHIVYAWATA, wamelipigania jambo hili: lisiamuliwe la kwao bila wao. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 unasema hivyo, Tanzania iliuridhia mwaka 2009, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ikafuata mwaka 2010. Mzee aliyepooza upande mmoja, mzee asiyeona, mzee anayepoteza kumbukumbu, haki hiyo ni yake.

Hapa Magamba kilianzishwa mwaka 2007 chuo kilichopewa jina la Askofu Sebastian Kolowa, na elimu maalumu ikawa moyo wake. Baadaye kikafundisha pia shahada ya afya ya akili na utengamao. Karibu na Lushoto mjini, Irente, kuna shule ya watoto wasioona na shule ya watoto wenye ulemavu wa akili. Mwalimu wa elimu maalumu atakuambia hawezi kumfundisha mtoto asiyemjua. Kila mtoto ana malengo yake, yameandikwa, yanapitiwa upya. Jambo ambalo tumekubali kumfanyia mtoto wa Irente, mbona tunaona zito kumfanyia bibi yake?

Ukivuka upande wa Korogwe, katika milima hiihii, kuna Lutindi. Mahali pale palianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na miaka michache baadaye, enzi za Wajerumani, pakaanza kupokea wagonjwa wa akili. Panatajwa kuwa hospitali ya kwanza ya aina hiyo katika Afrika Mashariki. Lutindi inajulikana kwa kumpa mgonjwa kazi ya mikono na ya shamba, ili arudishe mazoea ya maisha. Nikiifikiria, huwa nakumbuka pia kwamba katika enzi zile za ukoloni, habari za mgonjwa ziliandikwa na mgeni, kwa lugha ambayo mgonjwa hakuisoma. Aliandikwa bila kuulizwa. Tusirudie hilo na sisi kwa Kiswahili.

Maana kalamu, msikilizaji, inaweza kumdhuru mtu. Neno likishabandikwa, halibanduki. Mnakumbuka miaka ile ya 1990 na 2000, kanda ya ziwa, ajuza waliuawa kwa tuhuma za uchawi, na ushahidi uliotolewa ulikuwa macho mekundu. Macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka mingi. Kilichoonekana ni wekundu. Kilichotamkwa ni uchawi. Kati ya kuona na kuhukumu hapakuwa na mtu wa kuuliza. Mfano huu ni mkali, nami nimeuchagua makusudi. Ubaya huo huanza kidogokidogo ndani ya nyumba zetu: "bibi mkorofi", "babu anajifanya", "huyu anakataa chakula".

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya mlezi anayeandika ni hii: andika ulichokiona na ulichokisikia. Usiandike "alikuwa mkali asubuhi". Andika "saa moja nilipomnyanyua alinisukuma mkono, akasema bega". Anayesoma mstari wa kwanza ataingia chumbani amekunja uso. Anayesoma wa pili atalitazama bega.

Sasa twende kwenye daftari lenyewe. La kurasa 80 linatosha. Nitawaeleza tulivyofanya kwetu shangazi aliporudi nyumbani.

Ukurasa wa kwanza ni wake. Mkwe alikaa naye jioni tatu, maana maneno yalikuwa yakirudi polepole, akamwuliza na kuandika kama alivyosema. Anapenda kuitwa nani. Anaamka saa ngapi. Anaswali au anasali vipi, na nani amsaidie kujitayarisha. Anakula nini kwa furaha, nini kinamtapisha. Nani anamtaka karibu, na nani hamtaki chumbani akiwa hajavaa. Nini kinamtia hofu. Ni katika jioni ya tatu shangazi alipomwambia mkwe jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelijua: "Siku ile mlinifunika uso. Hufunikwa maiti. Nilikuwa hai. Nifunikeni mwili, uso niachieni wazi."

Mkwe aliponisomea ukurasa ule nilitoka nje. Njia nzima ile, kutoka nyumbani hadi barabarani, tulikuwa tumemwonjesha kifo kwa mapenzi yetu, na sauti yake tukaiita maumivu.

Ukurasa wa pili ni wa mwili. Dawa, kipimo chake, saa zake, na siku zitakapokwisha, ili mtu asishtuke Jumamosi jioni dawa ya presha imebaki kidonge kimoja. Uoni: upande wa kushoto haoni, sahani na kikombe viwekwe kulia, mwite ukiwa kulia. Namna ya kumnyanyua. Kwa anayelala muda wote, saa za kumgeuza, kila baada ya saa mbili, na upande aliogeuziwa, kwa sababu vidonda vya mgongoni huanza na wekundu mdogo ambao aliyemgeuza mchana atauona na aliyekuja usiku hataujua asipoambiwa. Kuhusu maumivu, watoa huduma ya tiba shufaa barani Afrika hutumia mkono: ngumi iliyofungwa maana yake hakuna maumivu, vidole vitano maana yake maumivu makubwa kupita yote. Asiyeweza kusema anaweza kuonyesha vidole. Andika idadi na saa.

Kurasa zinazofuata ni za kila siku, mistari mitatu tu. Amekula na kunywa nini. Mwili umekuwaje, pamoja na haja. Na mstari wa tatu, ambao walezi wengi huuacha: siku yake ilikuwaje kwake. "Leo amecheka, kaja mjukuu kutoka Mtae." "Leo hakutaka kuota jua, kasema amechoka kutazamwa na wapita njia." Baada ya mwezi mstari huo wa tatu unakufundisha mambo ambayo kipimo cha presha hakikufundishi.

Nyuma kabisa ya daftari tuliacha ukurasa wa makubaliano. Hapo ndipo penye kazi ngumu.

Shangazi alipopata nguvu kidogo, alitaka kwenda kwenye maharage yake. Shamba liko kama hatua mia mbili chini ya nyumba, mteremko mtupu. Binamu zangu wakasema haiwezekani, ataanguka, watu watatusema. Naye akasema, kwa ule usemi wake wa taratibu, kwamba kukaa kibarazani kutwa ni kuanguka pia. Kila upande ulikuwa na hoja. Usalama ni jambo la kweli. Na mtu kubaki mtu, mwenye jembe lake na maharage yake, ni jambo la kweli pia.

Tulikaa kikao, na safari hii yeye ndiye aliyesema kwanza. Tukakubaliana: atakwenda mara mbili kwa wiki, asubuhi ukungu ukishaondoka na njia ikishakauka. Atashika fimbo mkono wa kulia. Mtu atatembea kushoto kwake, upande asiouona. Vijana wachonge ngazi za udongo pale penye mteremko mkali. Baada ya mwezi tupitie upya. Tukaandika, tukamsomea kwa sauti, akatikisa kichwa pale ambapo tulikosea, tukarekebisha. Kisha akaweka dole gumba. Aliteleza mara moja katika msimu ule, akachubuka goti. Likaandikwa. Hakuna aliyesema "si tulikuambia", kwa sababu uamuzi ulikuwa wa wote na hatari yake ilishatajwa tangu mwanzo.

Msikilizaji, huo ndio mpango wa matunzo unaomweka mtu katikati. Kufanya kila anachotaka mzee siyo maana yake, wala kumfungia kwa jina la kumlinda. Maana yake ni kuzipima hatari pamoja naye, na kuyaandika mliyokubaliana ili anayepokea zamu kesho asianze upya kumkatalia.

Tunao watoto wetu Uingereza wanaofanya kazi ya kutunza wazee. Ukizungumza nao watakuambia kwamba kule kuandika ni sharti la sheria. Katika kanuni za England za mwaka 2014, kanuni ya 9 inataka matunzo yamfuate mtu na matakwa yake, na kanuni ya 17 inataka kumbukumbu sahihi, kamili, zinazoandikwa kwa wakati. Tom Kitwood, mwanasaikolojia aliyefundisha Bradford, alikuwa ameshaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1997 kwamba mtu anayepoteza kumbukumbu huharibiwa na ugonjwa, na huharibiwa pia na namna wanaomzunguka wanavyomtendea. Hayo ni mafunzo ya kuchukua.

Lakini vijana hao wana onyo pia, nalo tulisikie. Wanasema maandishi yakizidi, mlezi huishia kumtazama mzee kwa jicho moja na saa kwa jicho jingine, anatia alama kwenye visanduku: ameoga, amekula, amegeuzwa. Fomu imejaa, chumba kimya. Ukiona daftari lako limekuwa la kujikinga na lawama, funga daftari, kaa naye, umuulize habari. Utaandika baadaye.

Kisha siri. Mambo ya mwili wa mtu si ya kisimani. Nchi yetu sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo inazipa taarifa za afya ulinzi wa pekee. Heshima iliyomo humo inafaa iingie hadi chumbani kwa bibi. Mwulize yeye nani asome daftari lake. Kwetu shangazi alitaja watu wanne, na tukayaandika majina yao kwenye jalada. Mgeni akija kumjulia hali, daftari linakaa chini ya mto. Na kama mzee hajui kusoma, msomee yaliyoandikwa juu yake. Usiandike jambo ambalo ungeona haya kulisoma mbele yake.

Najua utaniambia: mlezi unayemzungumzia anaamka saa kumi alfajiri, anateka maji, anapeleka karoti sokoni, anarudi kupika makande, muda wa kuandika anautoa wapi? Ni kweli. Ndiyo maana nasema mistari mitatu. Na kama mlezi hajui kuandika, mjukuu wa darasa la sita ataandika kwa kuambiwa, mradi yale ya faragha yabaki kwa mtu mzima. Dawa zinaweza kuwekewa alama: jua kwa ya asubuhi, mwezi kwa ya usiku. Wako pia wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao mpya ulizinduliwa Januari 2024 kwa lengo la kuwa na wahudumu zaidi ya laki moja nchi nzima. Ombi langu kwao, na kwa maofisa ustawi wa jamii: mkipita nyumbani kwa mzee, ulizeni daftari liko wapi. Lisipokuwepo, saidieni lianze. Likiwepo, lisomeni kabla ya kumpima. Nanyi mnaopanga mambo ya nchi, mzee naye apewe kadi yake, kama ya mtoto, yenye nafasi ya maneno yake mwenyewe.

Namalizia pale nilipoanzia.

Mwaka uliofuata, shangazi alizidiwa tena. Mimi sikuwepo, nilisimuliwa. Ilikuwa jioni, na mvua. Vijana waliokuja kubeba wengi walitoka kitongoji cha pili, hawakumfahamu vizuri. Mkwe alitoka na daftari amelifunga kwenye mfuko wa nailoni. Kabla machela haijainuliwa, aliwasomea mistari michache: mwiteni kutoka kulia, bega la kushoto msilivute, mwili mfunikeni, uso uacheni wazi.

Wakashuka. Mara tatu walipokezana, na mara zote tatu aliyetoka alimwambia aliyeingia: "Uso uwe wazi." Kijana mmoja alivua kofia yake pana, akaishika juu ya kichwa cha shangazi kuzuia mvua, akawa anatembea hivyo kando ya machela hadi barabarani. Hakuwa amewahi kumwona kabla ya siku ile.

Shangazi hakurudi kutoka safari hiyo. Lakini mkwe anasema alishuka akiwa amefumbua macho, akiutazama msitu wa Magamba mpaka ulipofichwa na kona.

Msikilizaji, jioni ya leo, kama kuna mzee nyumbani, kaa naye. Muulize swali moja tu: kuna jambo gani tunalokufanyia ambalo hulipendi, na hukuwahi kutuambia? Liandike kama atakavyolisema.